Chumvi, Magadi, Sukari na Siki: Tofauti Zake Jikoni na Mambo Ambayo Kila Kaya Inapaswa Kuyafahamu

Katika kaya nyingi nchini, chumvi, magadi, sukari na bekingi pauda huwekwa kwenye rafu moja, mara nyingi ndani ya makopo yasiyo na maandishi. Vitu hivi hukaribiana kwa rangi na kwa ukubwa wa chembe, lakini hutofautiana kwa asili, kwa kazi na kwa athari zake mwilini. Kimoja hubeba madini joto yanayohitajika kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kingine hulainisha maharage upesi, lakini huharibu sehemu ya vitamini na chaweza kuleta madhara kwenye meno ya watoto. Kwa sababu hiyo, uamuzi unaofanywa dukani na jikoni kuhusu vitu hivi vya bei ndogo una uzito mkubwa katika afya ya familia.

Makala haya yanaeleza jinsi kila kimoja kinavyofanya kazi, namna vinavyotofautiana, na tahadhari zinazostahili kuchukuliwa katika kuvinunua, kuvihifadhi na kuvitumia.

Chumvi na asili yake

Chumvi ya mezani ni muungano wa elementi mbili, sodiamu na klorini. Kwa uzito, takribani asilimia 40 ya chumvi ni sodiamu na asilimia 60 ni klorini. Nchini Tanzania chumvi hupatikana kwa njia kuu mbili. Katika ukanda wa pwani, maji ya Bahari ya Hindi huingizwa kwenye mabwawa yenye kina kifupi na kuachwa yakauke kwa jua na upepo. Katika Mkoa wa Kigoma, eneo la Uvinza lina chemchemi za maji ya chumvi ambayo wenyeji wamekuwa wakiyachemsha ili kupata chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Lita moja ya maji ya bahari huwa na takribani gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, ambazo hazigandi kwa wakati mmoja. Maji yanapopungua bwawani, chokaa na jasi hutangulia kutulia chini, kisha hufuata chumvi ya kula, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesiamu kwa wingi. Mzalishaji makini huyaondoa maji hayo machungu kabla ya kuvuna. Yasipoondolewa vizuri, chumvi huwa na uchungu na hulowa upesi, kwa kuwa magnesiamu hunyonya unyevu wa hewani hata katika siku zisizo na mvua. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya chumvi ya mawe hutoa maji ikiwa bado kwenye gunia, ilhali chumvi iliyosafishwa hukaa kavu kwa muda mrefu zaidi.

Ukubwa wa chembe nao huleta tofauti katika kipimo. Kijiko cha chumvi laini hubeba chumvi nyingi kuliko kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe, kwa kuwa katika chumvi ya mawe hubaki nafasi baina ya chembe. Mpishi anayebadili aina ya chumvi bila kubadili kipimo hushangaa chakula kuwa na chumvi nyingi au kupwaya, ingawa mkono wake ni uleule.

Madini joto: kiasi kidogo, kazi kubwa

Madini joto, ambayo kitaalamu huitwa iodini, huhitajika na tezi iliyo shingoni ili kutengeneza homoni zinazosimamia ukuaji wa mwili na ubongo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha huhitaji mikrogramu 250. Kiasi hicho ni kidogo mno kuonekana kwa macho, lakini kukosekana kwake kwa muda mrefu husababisha rovu, kuharibika kwa mimba, watoto kuzaliwa wafu na kudumaa kwa akili. Mtoto aliyekosa madini joto akiwa tumboni anaweza kupata upungufu wa uwezo wa kujifunza usiorekebishika baadaye, hata akilishwa vizuri.

Upungufu huo hutokana zaidi na udongo. Katika maeneo ya milimani, mvua za miaka mingi huosha madini joto na kuyapeleka mabondeni na baharini, hivyo mazao yanayolimwa huko huyakosa. Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana nchini, na katika miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya. Katika miaka ya 1990 ziliwekwa kanuni zinazotaka chumvi inayouzwa kwa matumizi ya binadamu iongezwe madini hayo. Chumvi ilichaguliwa kwa kuwa hutumiwa karibu na kila mtu, kila siku, kwa kiasi kinachokaribiana, na bei yake ni nafuu.

Baadhi ya wananchi hudhani kuwa chumvi ya baharini haihitaji kuongezwa kitu kwa sababu samaki na mwani wana madini joto. Dhana hiyo si sahihi. Viumbe wa baharini hukusanya madini joto katika miili yao, lakini maji ya bahari yenyewe yana kiasi kidogo sana, na chumvi inayobaki baada ya maji kukauka haitoshelezi mahitaji ya mwili. Hali ni hiyohiyo kwa chumvi ya rangi ya waridi inayoingizwa kutoka nje na kuuzwa kwa bei kubwa. Rangi yake hutokana na chembe za chuma, na isipoandikwa kuwa imeongezwa madini joto, haiwezi kuchukua nafasi ya chumvi ya kawaida iliyoongezwa.

Kuchagua, kuhifadhi na kupika kwa chumvi

Madini joto huwekwa kwenye chumvi katika umbo la iodeti ya potasiamu, ambalo huhimili joto na unyevu wa nchi za tropiki kuliko iodidi inayotumika katika baadhi ya nchi za baridi. Hata hivyo, uimara huo una mipaka. Chumvi ikianikwa juani, ikiachwa wazi au ikilowa, madini joto hupungua siku hadi siku. Chumvi inayopimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi nje ya duka inaweza kuwa ilitoka kiwandani ikiwa na kiwango sahihi, ikamfikia mlaji ikiwa imepungukiwa.

Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kununua chumvi iliyofungashwa, yenye maandishi yanayoonesha kuwa ina madini joto, jina la mzalishaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama na ubora wa chakula. Pakiti ikifunguliwa, chumvi ihamishiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu. Desturi ya kuosha chumvi ya mawe ili kuondoa mchanga huondoa pia madini joto, kwa kuwa madini hayo hukaa juu ya chembe na huyeyuka katika maji.

Katika upishi, inafaa chumvi itiwe karibu na mwisho. Hatua hiyo hupunguza upotevu wa madini joto kwa mvuke, na humsaidia mpishi kuonja mchuzi ukiwa umeshapungua maji, hivyo kuepuka kuzidisha.

Kwa macho na kwa ulimi, chumvi yenye madini joto haitofautiani na isiyo nayo. Wataalamu hutumia kimiminika maalumu chenye wanga. Tone lake likidondoshwa juu ya chumvi yenye madini joto, chumvi hugeuka rangi ya buluu au zambarau. Isipokuwa na madini hayo, hubaki nyeupe. Katika kaya, chumvi huhesabiwa kuwa na madini joto ya kutosha inapokuwa na angalau miligramu 15 za iodini kwa kila kilo.

Kiasi kinachotosha

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kiasi hicho hujumuisha chumvi yote, iwe ya kupikia, ya kunyunyiza mezani au iliyomo katika mkate, samaki wa chumvi, karanga za kukaanga na vipande vya dukani vya kuongeza ladha ya supu. Matumizi yanayozidi hapo huchangia shinikizo la juu la damu, ambalo huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na maradhi ya figo.

Hesabu rahisi humsaidia msimamizi wa kaya. Mtu mmoja akitumia gramu 5 kwa siku hutumia gramu 150 kwa mwezi, na watu wazima watano hutumia gramu 750. Kaya ya watu wazima watano inayomaliza kilo moja na nusu ya chumvi kila mwezi kwa kupikia pekee imefikia mara mbili ya kiwango kinachopendekezwa. Watoto huhitaji kiasi kidogo zaidi kulingana na ukubwa wa miili yao.

Ni muhimu kusisitiza kuwa kupunguza chumvi hakupingani na matumizi ya madini joto. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo humpa mtu mikrogramu 150 katika gramu 5 tu, kiasi kinachotosha kwa mtu mzima. Hivyo hakuna sababu ya kula chumvi nyingi ili kupata madini joto. Kinachohitajika ni chumvi kidogo iliyo sahihi.

Ipo pia chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Ingawa inaweza kusaidia kupunguza shinikizo la damu, mtu mwenye maradhi ya figo au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini hapaswi kuitumia bila ushauri wa daktari, kwani potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo.

Chumvi na sukari: kufanana na kutofautiana

Chumvi na sukari zote huyeyuka katika maji, na zote huhifadhi chakula kwa njia moja: huvuta maji kutoka katika chakula na kutoka katika vijidudu, hivyo vijidudu hushindwa kuzaliana. Ndiyo maana samaki wa chumvi na achari hukaa bila jokofu, na jemu yenye sukari nyingi hukaa miezi kadhaa.

Tofauti yake huonekana katika joto. Lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 360 za chumvi, na kuchemsha maji hayo huongeza kiasi hicho kidogo tu. Sukari huyeyuka takribani kilo 2 katika lita moja ya maji ya kawaida, na zaidi ya maradufu ya hapo katika maji yanayochemka. Ndiyo sababu shira ya kaimati huweza kuwa nzito sana, na ikipoa bila uangalifu hurudi kuwa chembechembe. Katika kikaango kikavu, sukari huyeyuka, huwa ya kahawia na hatimaye huungua. Chumvi haibadiliki, kwani huyeyuka kwa joto la nyuzi 801 za Selsiasi, ambalo kikaango cha nyumbani hakilifikii.

Vitu hivi viwili hukutana katika huduma muhimu kwa mgonjwa wa kuharisha. Sukari husaidia utumbo kufyonza sodiamu, na sodiamu huvuta maji kuingia mwilini. Njia bora ni kutumia pakiti za ORS zinazotolewa katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Zinapokosekana, lita moja ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Vipimo hivyo havipaswi kukisiwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Mtoto anayeharisha afikishwe katika kituo cha kutolea huduma za afya mapema.

Magadi: msaada wenye gharama

Magadi hutokana na maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo Ziwa Natron nchini Tanzania na Ziwa Magadi nchini Kenya. Kikemia si chumvi ya kula, bali ni mchanganyiko wa kabonati na baikabonati ya sodiamu. Magadi hupunguza nguvu ya asidi, na katika maji huufanya utando unaoshikilia seli za mimea kulegea. Kwa hiyo maharage na mahindi ya makande huiva upesi, mlenda huvutika zaidi na mboga za majani hubaki na rangi ya kijani. Faida hiyo huokoa kuni, mkaa na muda.

Hata hivyo, gharama zake ni tatu. Kwanza, magadi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage na vitamini C iliyomo katika mboga. Pili, takribani asilimia 30 ya uzito wa magadi ni sodiamu. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepunguza chumvi lakini akaendelea na magadi huwa hajapunguza sodiamu kama anavyodhani. Tatu, magadi ghafi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania, ambako hata maji ya baadhi ya visima yana floraidi kwa wingi, umeonesha kuwa magadi huchangia meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia na kudhoofika. Meno huathirika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, hivyo watoto wadogo ndio walio katika hatari zaidi, na madoa hayo hayaondoki kwa kupiga mswaki.

Ipo njia mbadala isiyo na gharama hizo. Maharage makavu yakilowekwa usiku kucha na maji ya kulowekea yakamwagwa, huiva kwa muda mfupi zaidi. Imani kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu haina msingi madhubuti. Maji ya kulowekea yenye chumvi kidogo husaidia kulainisha maganda. Kinachochelewesha maharage kuiva ni asidi, ikiwemo ya nyanya, limau na ukwaju. Viungo hivyo vitiwe baada ya maharage kulainika.

Bekingi soda, bekingi pauda na hamira

Vitu hivi vitatu huumua unga, lakini haviwezi kubadilishana kijiko kwa kijiko. Bekingi soda ni baikabonati ya sodiamu pekee. Ikikutana na asidi, kama vile maziwa mgando au maji ya limau, hutoa hewa ya ukaa inayoinua unga papo hapo. Isipopata asidi ya kutosha, huacha ladha ya sabuni na rangi ya manjano katika keki.

Bekingi pauda ni bekingi soda iliyochanganywa na asidi kavu na wanga, hivyo huhitaji maji na joto tu. Nguvu yake ni takribani theluthi moja ya bekingi soda kwa kipimo kilekile.

Hamira ni viumbe hai vidogo vinavyokula sukari na kutoa hewa ya ukaa taratibu, ndiyo maana unga wa mkate au wa maandazi huachwa uumuke. Hamira hufanya kazi vizuri katika maji ya vuguvugu na hufa katika maji ya moto mkali. Chumvi nyingi huidhoofisha, hivyo chumvi huchanganywa na unga kwanza badala ya kumwagwa moja kwa moja juu ya hamira.

Siki, limau na ukwaju

Ukali wa siki hutokana na asidi ya asetiki, wa limau hutokana na asidi ya sitriki, na wa ukwaju hutokana zaidi na asidi ya tartariki. Asidi hizi hufanya kinyume cha magadi: huimarisha mboga, hugandisha maziwa, na huifanya nyama ya samaki kubadilika kama iliyopikwa. Mabadiliko hayo hayamaanishi kuwa vijidudu na minyoo vimekufa, hivyo samaki aliyelowekwa kwenye limau bado anapaswa kupikwa.

Kwa mtu anayepunguza chumvi, asidi ni msaidizi mzuri. Limau kidogo mwishoni mwa upishi huufanya ulimi ukiridhie chakula chenye chumvi pungufu. Inashauriwa kutohifadhi siki, achari au ukwaju katika vyombo vya aluminiamu, kwa kuwa asidi hula chuma hicho.

Vyombo, maandishi na watoto

Katika baadhi ya maduka, jina «magadi soda» hutumika kwa magadi ghafi na pia kwa bekingi soda. Mnunuzi anapaswa kuuliza na kusoma maandishi ya pakiti. Hatari kubwa zaidi ni kostiki soda, inayotumika kutengeneza sabuni na kuzibua mabomba. Nayo ni nyeupe, lakini huunguza mdomo, koo na tumbo mara inapomezwa, na isihifadhiwe jikoni kamwe wala kuwekwa kwenye kopo au chupa ya chakula. Mtu aliyeimeza asilazimishwe kutapika wala asipewe siki au limau kwa nia ya kuipoza. Asuuze mdomo kwa maji na awahishwe hospitali.

Muhtasari kwa kaya

- Nunua chumvi iliyofungashwa, yenye maandishi ya madini joto na alama ya TBS.
- Ihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.
- Usizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa mtu mzima kwa siku.
- Loweka maharage badala ya kutegemea magadi, hasa kwa chakula cha watoto na cha wagonjwa wa shinikizo la damu.
- Andika jina kwenye kila kopo, na weka kostiki soda nje ya jiko, mbali na watoto.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtu mwenye shinikizo la juu la damu au maradhi ya figo wapate ushauri wa mtaalamu wa afya au wa lishe katika kituo cha kutolea huduma kilicho karibu nao.